Edita Isiyosema

Wasan binti Saud alikuwa hajapata kugombana na mtu kwa ajili ya programu ya kompyuta mpaka alipokuja Turki. Na hata huyo Turki, siku ya kwanza, alimpenda. Alikuwa kijana wa Sur, mpole wa maneno, aliyerudi masomoni nje na kupewa umeneja wa ufundi katika kampuni ya kutengeneza tovuti pale Nizwa, katika nchi ya Waarabu. Alizunguka meza kwa meza akimwuliza kila mmoja khabari za kazi yake. Alipofika kwa Wasan alivuta kiti akakaa, hakusimama akamsemesha kwa sauti ya juu kama wafanyavyo wengi, wanaozungumza na asiyeona kana kwamba yuko chini kisimani.

Maana Wasan alikuwa haoni, au tuseme alikuwa anaona kidogo mno hata haifai kuita kuona. Ugonjwa wa kurithi ulimwanza utotoni kwa kumnyima macho ya usiku. Alipoingia chuo ulikuwa ushamnyang'anya pembeni kote, na sasa alibakiwa na kitundu kimoja mbele, mfano wa tundu la sindano, nacho kimejaa ukungu. Aliweza kujua dirisha liko wapi. Aliweza kujua mtu kavaa nyeupe. Herufi, basi tena.

Lakini tovuti alizitengeneza, na nzuri. Kompyuta yake ilikuwa na programu ya kusoma skrini, inayotamka kwa sauti kila kilichoandikwa, naye aliizoea hata akaiongeza mwendo ikawa inasema kama mvua ya mawe juu ya bati. Wenzake wakisikiliza, huambulia mlio tu. Yeye alisikia kila koma.

Tabu haikuwa sauti. Tabu ilikuwa ile programu ya kuandikia kodi, yaani maagizo ya kompyuta, ambayo wenyewe huiita edita. Alipokuwa chuoni, macho yanakwenda, alijaribu edita baada ya edita kama mtu anayenunua viatu mguu umevimba. Moja ilisifiwa na darasa zima kwa rangi zake, na rangi zilimfaa nini? Ya pili ilikuwa nzito, ikifunguka pole pole huku feni ya laptopu inalia kama mgonjwa. Ya tatu ilikuwa na maneno mengi: kabla hujasoma mstari mmoja ishakutajia vitufe vyote vya juu, vya kando na vya chini. Alilia kwa ile ya tatu. Akafikiri kuacha masomo. Hatimaye akaangukia edita moja ya zamani, kavu, haina picha wala madoido, kila jambo lake lafanywa kwa kibodi. Akaikalia, akaifunza. Akaipa mlio mwembamba kwa bano lililofunguliwa, na mlio mzito kwa bano lililofungwa, hata akawa anasikia umbo la kodi kama mtu anavyojua nyumba yake gizani. Siku alipoandika ukurasa mzima bila ya kumwita mtu aje kumtazamia kosa, alitoka nje ya bweni akatembea peke yake mpaka langoni na kurudi, kwa furaha tu.

Basi tangu hapo hakubadilisha. Na kazini alipanda. Kampuni ilipopata kazi ya tovuti ya wakulima wa waridi na wenye hoteli za mlimani Jebel Akhdar, yeye ndiye aliyepewa kuiongoza.

Turki alikuwa na jeraha lake, na atendewe haki. Kabla hajafika, mfanyakazi mmoja alikuwa ameondoka na kazi nzima ya mteja ndani ya laptopu yake, simu hapokei, na kampuni ikalazimika kuanza upya na kuomba radhi. Turki aliambiwa atafute dawa. Dawa aliyoileta ilikuwa edita moja kwa watu wote, inayofunguka ndani ya mtandao, imewekwa kwenye seva, kompyuta kuu ya kampuni. Kila mtu ataandikia humo, na kila kitu kitabaki humo.

Aliitangaza mkutanoni. "Kuanzia wiki ijayo hii edita ndio ya watu wote," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, maana mama yake ndiye aliyekuwa na Kiswahili na yeye kakipata jikoni tu. "Zile zingine zote, khalas. Tunafuta."

Wasan alirudi mezani kwake akaifungua hiyo mpya. Akavaa hedifoni, akashuka mstari mmoja. Sauti ikamwambia: tupu. Akashuka mwingine. Tupu. Wa tatu, wa nne, tupu, tupu. Akamwita Shurooq, jirani yake wa meza, aliyekuwa akimchukua kwa gari kila asubuhi.

"Hapa pameandikwa kitu?"

"Pamejaa, Wasan. Kodi tupu kutoka juu mpaka chini."

"Mimi nasikia tupu bila ya kodi."

Wakacheka, kisha Wasan akaacha kucheka. Alipochunguza akajua: edita ile haikuandika herufi, iliyachora maandishi yote kama picha. Mwenye macho haoni tofauti. Programu ya kusoma ikifika pale hukuta ukuta mweupe.

Akaenda kwa Turki akamweleza, taratibu, akiamini kuwa ni jambo la kurekebishwa. Turki alisikiliza. Akasema amekwisha kuwauliza waliouza, wameahidi kulitengeneza, Mungu akipenda.

"Lini?"

"Hawakusema."

"Basi mimi niendelee na yangu mpaka watakapotengeneza."

Turki akasema, "Siwezi, Wasan. Nikifungua mlango kwa mtu moja, kila mtu atataka mlango yake. Mie nimekufikiria. Utakaa mapokezi, unapokea simu za wateja, una sauti nzuri. Mambo yakikaa sawa, unarudi. Kazi ya Jebel Akhdar, Laith ataishika."

Wasan alihisi masikio yanawaka moto. Sauti nzuri! Akasema, "Mimi sikusomea simu," akatoka.

Kesho yake yalikuwa mapumziko. Nyumbani kwao Ibra, nyanya yake Bi Kaltham alikuwa amekaa kitako barazani anachambua mchele. Bi Kaltham alizaliwa na kukulia Mji Mkongwe, na ingawa Ibra keshakaa umri mzima, Kiswahili chake kilikuwa kile kile alichoondoka nacho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekukunjika kama mkeka wa mvua?"

Wasan akamsimulia. Ilikuwa kazi kumfahamisha. Alipomwambia kwamba amekatazwa kuandika kodi kwa chombo chake, Bi Kaltham akauliza, "Kodi gani tena, ya nyumba?" Lakini alipoambiwa kuwa chombo kipya kinamwonyesha kila mtu maandishi na yeye kinamwambia hamna kitu, bibi akaacha kuchambua.

"Na huyo kijana, mtu mbaya?"

"Si mbaya. Ndiyo maana inaniuma."

"Basi sikiliza, mama. Mimi sitaki urudi nyumbani ukae na hasira. Kaa hapo mapokezi, pokea hizo simu, upate ujira wako wa heshima. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

Wasan akatafuta kidogo kwa vidole, akapata punje ya mchele juu ya mkeka, akaitia kwenye ungo. "Huu nitauuma, bibi."

Bi Kaltham aliguna. Alikuwa mtu wa kuogopea watu wake, si mtu wa kuchochea. Akachambua mpaka mchele ukamalizika, kisha akasema, "Haya, uume. Lakini usijivunje meno, kuoa huku wanatazama meno." Wakacheka wote wawili, na hapakuwa na ushauri mwingine.

Siku ya kazi Wasan alifika Nizwa na Shurooq kama kawaida. Akapita mapokezi, alikowekewa kiti na simu, hakusimama. Akahesabu kona kwa kiganja ukutani mpaka mezani kwake, akakaa, akafungua laptopu yake na edita yake. Akaunti yake ya kuingilia seva ilikuwa imefungwa. Sawa. Sehemu ya kazi ya Jebel Akhdar bado alikuwa nayo, akaendelea kuiandika alipoachia.

Turki akaja. Safari hii hakuvuta kiti.

"Hiyo kazi haitaingia, Wasan."

"Najua."

"Sasa unafanya nini?"

"Kazi niliyoajiriwa."

"Nimekuambia mapokezi."

"Umeniambia. Nami nimekuambia sikusomea simu."

Vidole vya wote vilisimama juu ya vibodi, na Wasan, ambaye masikio ndiyo macho yake, alimsikia kila mmoja anavyojizuia kupumua. Laith alikuwepo, Shurooq alikuwepo. Hapana aliyefungua kinywa. Turki akaondoka, viatu vyake vikigonga chini kwa nguvu kuliko haja.

Ikawa hivyo siku ile, na iliyofuata, na nyingine. Simu ya mapokezi ililia mpaka ikachoka, mtu mwingine akaenda kuipokea. Wasan akija, akiandika, akiondoka. Watu walianza kumpitia mbali. Mmoja alimshauri amwombe Turki radhi yaishe, mwingine akasema wazi kuwa anawaharibia wenzake, kwani meneja amekuwa mkali kwa wote. Kula alikula peke yake. Katika gari Shurooq alizungumza habari za bei ya nyanya na harusi za Mudhaibi, kila kitu isipokuwa hilo. Na wala isidhaniwe kuwa Wasan hakuogopa. Aliogopa hasa. Alijua kazi kwa mtu wa hali yake haipatikani kwa kugonga mlango mmoja. Lakini kila alipofikiria kile kiti cha mapokezi, mgongo wake ulinyooka wenyewe.

Ndipo mwenye kampuni akaitwa. Jina lake Zakariya, mtu mzima aliyezaliwa Bujumbura katika jamaa za Kimanga, Waarabu waliohamia bara, akaanza na duka Mudhaibi, kisha maduka, kisha hii kampuni. Alipenda sana kupata mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Akawaita Wasan na Turki katika chumba cha mikutano, akaagiza chai ya maziwa, akaanza kwa upole.

"Dada Wasan, mimi sipendi fujo ndani ya ofisi. Wewe ni mtu wetu. Kaa nyumbani Ibra, pumzika, mshahara wako utaingia kila mwezi kama kawaida. Hiyo siyo prablemu. Sistimu ikitengenezwa, utarudi."

"Nikae nyumbani nilipwe kwa kazi gani?"

"Kwa… kwa kuwa wewe ni mtu wetu."

"Mzee Zakariya, Mungu akuzidishie. Lakini mimi si sadaka."

Zakariya akakohoa. Hakuzoea kukataliwa pesa. "Basi kama hutaki mapokezi na hutaki kukaa nyumbani, na edita ya kampuni hutaki, andika barua ya kuacha kazi. Tuagane vizuri."

"Siandiki. Sijaacha kazi. Kama mnanifukuza, nifukuzeni nyinyi, na sababu muitaje."

"Haya," Zakariya akasema, sasa amekasirika. "Turki, andika. Tunasitisha kazi ya Wasan binti Saud kwa sababu… kwa sababu gani?"

Turki akafungua kompyuta yake. Vitufe vikalia kidogo. "Kwa sababu amekataa kutumia chombo cha kampuni."

"Hujamaliza," alisema Wasan. "Ongeza: chombo kisichosema, kwa mtu anayefanya kazi kwa masikio. Andika hivyo hivyo, halafu mzee atie sahihi yake chini."

Vitufe havikulia tena.

Zakariya akauliza, "Hakisemi vipi?"

Hapo ndipo Wasan alipofahamu kuwa mwenye kampuni hakuambiwa. Alikuwa ameambiwa tu kwamba kuna mfanyakazi mkaidi. Hasira ikampanda, lakini akaitia kazini. Akafungua laptopu yake, akaingia kwenye edita mpya kwa kupitia akaunti ya Turki, Turki mwenyewe akimfungulia, akampa Zakariya hedifoni na kumwekea kidole juu ya kitufe cha kushukia mistari.

"Bonyeza, mzee. Halafu fumba macho."

Zakariya akabonyeza. Akabonyeza tena. "Kinasema tupu. Tupu. Tupu. Hiki kinanitukana?"

"Mimi kimenitukana tangu siku ile. Mpe meneja naye."

Turki alizipokea hedifoni kama mtu anayepewa dawa chungu. Wasan akamwambia, "Tafuta mstari wowote ulioandika wewe mwenyewe. Umefumba macho?" Akasikia mkono wa Turki ukipapasa meza kutafuta kipanya. Wasan alikuwa amekwisha kukisogeza mbali. Turki akabonyeza, akabonyeza, pumzi zikimtoka puani. Hakuupata. Hakuna aliyemcheka.

Kisha Wasan akafungua edita yake mwenyewe, ile kavu. "Sasa sikiliza hii."

Sauti ikamwagika kwa kasi yake ya kila siku, na milio yake myembamba na mizito ikipanda na kushuka. Turki akazivua hedifoni haraka. "Sisikii kitu. Kelele tu."

"Haya," akasema Wasan. "Mimi sisikii kitu kwa yako, wewe husikii kitu kwa yangu. Mimi sijapata kukwambia uandike kwa hii. Wala sitakuambia. Umenichagulia chombo kama mtu anayemchagulia mwenzake meno ya kutafunia."

Turki hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno matamu. "Na yule aliyekimbia na kazi? Mie nimeletwa hapa kwa ajili yake. Nikiacha kila mtu na chombo chake, kesho mwengine atakimbia, na ataulizwa nani? Turki!"

"Kilichokimbia ni kazi, haikukimbia edita," alijibu Wasan. "Ifungie kazi. Kila mtu kabla ya kuondoka aingize alichoandika katika ghala la kampuni, kule kwenye seva, na kwenye mashine ya mtu kisibaki kitu. Weka makufuli unayoyataka, nitayafunga wa kwanza. Lakini mkono unaoandika, na sikio linalosikiliza, hayo ni ya mwenyewe."

Chai ilikuwa imepoa. Zakariya akauliza kama jambo hilo la ghala linawezekana. Turki akajibu kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtu mkweli anayechukia ukweli wake: linawezekana, ni kazi ya ziada kwake, lakini linawezekana.

"Basi fanya," alisema Zakariya. "Wote wafuate hii edita, isipokuwa dada Wasan."

Mtu mwingine angeshukuru hapo akatoka. Wasan hakuinuka.

"Hapana, mzee. Ukiandika 'isipokuwa Wasan', kesho nitakuwa yule anayehurumiwa, na kesho kutwa akija meneja mwingine atanifuta kwa kalamu moja. Andika kila mtu achague. Anayeipenda ya Turki abaki nayo, ni nzuri, wenye macho wanaisifu. Nataka kanuni, sitaki huruma."

Zakariya alitazama dari, au hivyo ndivyo kiti chake kilivyolia. "Wallahi wewe ungekuwa dukani kwangu Mudhaibi, wateja wangelia," akasema. Lakini akamwambia Turki aandike hivyo.

Kanuni ikatoka. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi walibaki na edita mpya, kwa kuwa waliipenda kweli, na Wasan hakuona ubaya. Wengine walirudi kwenye zao. Ghala la Turki lilifungwa kwa makufuli mengi hata ikawa kuingiza kazi ni kama kupita mpakani, na Wasan aliyafunga yote bila ya kunung'unika, kama alivyoahidi. Kazi ya Jebel Akhdar haikurudi kwake. Laith alikuwa ameshaenda nayo mbele, ameshakutana na wakulima, na Zakariya hakutaka kubadilisha tena. Hilo lilimkata maini. Alimwambia Turki usoni kwamba amenyang'anywa, na kwamba hatasahau, na Turki akasema, "Najua," basi. Akapewa kazi nyingine, ndogo. Tangu hapo meneja alimsalimia kwa adabu, kwa umbali wa meza mbili, na hakuvuta kiti tena.

Siku kanuni ilipotoka, Wasan alirudi na Shurooq kwa njia ya Samad. Shurooq aliendesha akiimba chini chini, jambo alilokuwa hajalifanya wiki zote zile.

"Nimerudi kwenye edita yangu," akasema. "Ile nyingine ilikuwa inaniumiza kichwa, hujui tu. Tangu siku ya kwanza niliichukia."

Wasan akageuza uso kwake. "Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka kwangu."

Wimbo ukakatika. Gari likapita mitende, mwanga na kivuli vikimpiga Wasan usoni kwa zamu. Shurooq akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ana watoto, kwamba aliogopa.

"Mimi pia niliogopa," alisema Wasan. "Usifikiri kwa kuwa mimi sioni, basi na hofu nilikuwa siioni."

Shurooq akasimamisha gari mbele ya kibanda cha chai, akauliza kwa wasiwasi kama Wasan atakunywa.

"Nitakunywa," akasema Wasan, akifungua mlango mwenyewe. "Ya majani ya zaatari. Na kesho, akileta mtu kingine kisichosema, utasema wewe."